Léonard Mpoyi, karani aliyemwomba gavana hakikisho

Lubumbashi – Tarehe 9 Desemba 1941, kwenye kiwanja cha mpira cha Élisabethville, jina la Lubumbashi wakati ule, Léonard Mpoyi alisimama mbele ya gavana wa Katanga, Amour Maron, na kusema kwa niaba ya wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga. Hakutoka kiwanjani akiwa hai.

Mpoyi alikuwa karani, mmoja wa Weusi wachache waliosoma na kushika kalamu katika kampuni hiyo. Angeweza kukaa kimya. Karani alipata heshima kidogo kwa wazungu, wakati mchimbaji na mtu wa tanuru walihesabiwa kwa mikono yao tu. Lakini vita vya Ulaya vilibana kila mtu kambini. Shaba ya Katanga ilitakiwa kwa wingi na mataifa yaliyopigana na Ujerumani, kazi ikaongezwa, bei ya vitu ikapanda, mshahara na posho vikabaki nyuma.

Mwaka huo huo wafanyakazi wazungu walijipanga katika chama chao na kudai nyongeza. Weusi waliona yote hayo. Wao sheria iliwakataza kuunda sendika, kwa hiyo silaha iliyobaki ilikuwa moja: kutoingia kazini.

Mgomo ulianza siku za kwanza za Desemba upande wa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kisha ukafika kwenye kiwanda cha Lubumbashi, kule kwenye bomba refu la moshi ambalo kila mkaaji wa mji analijua. Wagomaji walikusanyika kiwanjani, wengine pamoja na wake zao, maana tangu miaka ya 1920 kampuni ilikuwa imewaweka wafanyakazi kambini na jamaa zao. Ukikatwa mshahara wa baba, nyumba nzima inalala njaa. Ndiyo maana kugoma halikuwa jambo la mtu mmoja.

Maron alikuja na askari wa Force Publique. Aliwataka watu warudi kazini. Habari ya mishahara ingeshughulikiwa. Mpoyi akakataa. Alitaka kwanza hakikisho kwamba kampuni imekubali kweli kuongeza mishahara. Ni ombi la karani hasa: mtu anayeshinda kati ya makaratasi anajua kwamba neno la mdomo halilipwi mwisho wa mwezi. Hakuomba zaidi ya hapo, wala hakumtishia mtu.

Risasi zikalia. Mpoyi alikuwa kati ya wa kwanza kuanguka, na masimulizi yanayojulikana sana mjini husema ni gavana mwenyewe aliyempiga. Askari waliofyatua juu ya umati walikuwa Wakongomani pia, chini ya wakubwa wao Wabelgiji. Hesabu za waliokufa hazipatani hadi leo: wengine husema karibu watu 50, wengine hupita 100. Siku 2 kabla yake Japani ilikuwa imeshambulia Pearl Harbor, na dunia ilikuwa ikitazama huko.

Mgomo ulivunjwa, watu wakarudi kwenye matanuru. Hata hivyo wakubwa wa koloni waliogopa. Februari 1944 askari wa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, waliasi. Njia yao ilikuwa bunduki, na wao pia walishindwa. Mwaka 1946 serikali ya koloni iliruhusu sendika za Weusi, ingawa chini ya uangalizi mkali wa watawala. Kile Mpoyi alichouawa akikifanya, yaani kusema kwa ajili ya wenzake mbele ya mkubwa, kikapata nafasi ndani ya sheria, miaka 5 tu baadaye.

Kampuni yenyewe ilitwaliwa na serikali ya Kongo tarehe 1 Januari 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Katika miaka ya 1970, Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, aliingiza mauaji ya wafanyakazi wa Union Minière katika picha zake za historia ya inchi, na watu wa kawaida wakatundika picha za namna hiyo sebuleni.