Heinrich Schliemann na Dhahabu ya Mashujaa

Heinrich Schliemann alizaliwa kaskazini mwa Ujerumani mwaka 1822. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, lakini fedha zilipungua nyumbani, na kijana akaacha shule ana miaka 14 akafanye kazi dukani. Baadaye alijifundisha lugha nyingi, akatajirika Urusi kwa biashara ya nili.

Utajiri huo aliutumia kuitafuta Troy, mji wa mashairi ya Homer, ambao wataalamu wengi waliudhani ngano tupu. Frank Calvert, aliyemiliki sehemu ya kilima cha Hisarlik nchini Uturuki, ndiye aliyemwelekeza huko. Sifa Schliemann alizichukua karibu zote mwenyewe.

Mwaka 1873 alitoa kilimani hapo mapambo mengi ya dhahabu. Taji moja lilifumwa kwa vipande zaidi ya 16,000! Akayaita hazina ya Mfalme Priam, akamvika mkewe Sophia apigwe picha, kana kwamba ndiye Helen aliyegombaniwa katika vita vile. Aliandika kwamba Sophia aliibeba hazina ndani ya shali yake. Kumbe bibi huyo wakati ule alikuwa Athens. Hazina ilitoroshwa, Waturuki wakamshtaki, naye akalipa faranga 50,000.

Mwaka 1876 alichimba Mycenae, Ugiriki, katika mji wa Agamemnon, jemadari wa vita vya Troy. Makaburini alikuta vinyago vya dhahabu juu ya nyuso za wafu. Lakini mimi napenda zaidi ile mizani midogo ya dhahabu, myembamba mno hata haiwezi kupima kitu, nayo imepambwa kwa vipepeo. Wagiriki wa baadaye waliita roho na kipepeo kwa neno moja, na katika Homer mungu Zeus hupima ajali za mashujaa kwa mizani ya dhahabu. Ndiyo maana wako wataalamu walioona hapo mizani ya kupimia roho.

Schliemann alifariki Naples mwaka 1890. Ilikuja kujulikana kwamba hazina ya Troy ilimtangulia Priam kwa miaka 1,000 hivi, na kwamba katika haraka yake ya kufika chini alikuwa amebomoa sehemu kubwa ya tabaka za juu, ambamo mji wa Priam ungetafutwa. Hazina yenyewe alikuwa ameipa Ujerumani mwaka 1881. Majeshi ya Urusi yaliichukua Berlin mwaka 1945, ikafichwa, na watu hawakuiona tena mpaka ilipoonyeshwa Moscow mwaka 1996.