Maisha ya Pierre-Joseph Redouté, mchoraji wa maua



Kila mara tunapochora ua katika daftari ya biolojia, wako wenzetu wanaosema kazi hii ni kupoteza wakati tu. Wanachora haraka haraka, duara moja na majani mawili, basi wanafunga daftari. Sisi pia tulikuwa tunafanya vile. Ndiyo sababu tumependa kuwaletea habari za mtu mmoja aliyechora maua karibu maisha yake yote, na mpaka leo watu wanatundika picha zake ukutani, nyumbani na kwa hoteli, hata kuzitia juu ya kalenda na kadi.

Pierre-Joseph Redouté alizaliwa tarehe 10 Julai 1759 katika mji mdogo wa Saint-Hubert, kwenye misitu ya Ardennes. Leo pale ni Ubelgiji, lakini wakati ule nchi ya Ubelgiji haikuwa bado. Baba yake alikuwa mchoraji, na babu yake vilevile. Kazi ya mikono ilikuwako nyumbani, lakini mali hapana. Alipofika miaka 13 akatoka kwao kwenda kutafuta maisha. Akatembea mji kwa mji, akichora sura za watu na kupamba nyumba. Masomo marefu hakupata. Huko Uholanzi akaona picha za maua za Jan van Huysum, na moyo wake ukashikwa kabisa.

Mwaka wa 1782 akamfuata kaka yake Paris, aliyekuwa akichora mapambo ya tiyatri. Alipopata nafasi alikwenda kuchora mimea katika bustani ya mfalme. Kule akakutana na L'Héritier, mtaalamu wa mimea, ambaye alimfundisha kutazama: kuhesabu petali na stameni, kuona jani limeshikwa namna gani kwenye kijiti. Mwalimu mwingine, Gerard van Spaendonck, akamfundisha kutumia rangi ya maji. Tuwakumbuke hawa wawili. Mmoja alimpa jicho, mwingine alimpa mkono.

Sasa, uzuri wa picha zake ni nini? Tazameni moja. Hakuna meza, hakuna chombo cha maua, hakuna mlima nyuma. Ni ua peke yake juu ya karatasi nyeupe. Mtaalamu akiona anajua mara moja ni mmea gani. Na mtu asiyejua jina la mmea hata mmoja, yeye pia anasimama kutazama. Ukweli na uzuri ni kitu kimoja pale. Na kumbe watu wa wakati wake walimwandika kuwa mfupi na mnene, mwenye vidole vizito kama vya mtu wa kazi ngumu!

Kuchapa picha hizo hakukuwa kazi rahisi. Sisi tunaochapa karatasi hii tunajua wino mmoja mweusi tu. Katika vitabu vya Redouté, fundi alichonga bamba la shaba kwa vitone vidogo vidogo sana, si kwa mistari. Vitone vikikaribiana, kivuli kinakuwa kizito. Vikiachana, mwangaza unaingia. Halafu walipaka rangi mbalimbali juu ya bamba lile lile kwa vitambaa vidogo, wakakandamiza karatasi mara moja. Kwa kila karatasi walianza kupaka upya. Mwisho mtu alichukua brashi akasahihisha kwa mkono. Ndiyo maana petali zinaonekana laini hivi.

Lakini maisha yake hayakuwa laini. Alikuwa na cheo cha mchoraji wa Malkia Marie-Antoinette. Mapinduzi yakaja mwaka wa 1789, na mwaka wa 1793 malkia akakatwa kichwa. L'Héritier naye aliuawa usiku karibu na nyumba yake mwaka wa 1800. Wengi walikimbia, Redouté akaendelea kuchora. Halafu Joséphine, mke wa Napoleon, akamwita kuchora maua ya bustani yake ya Malmaison. Toka 1802 mpaka 1816 alitoa kitabu kikubwa cha mayungiyungi na mimea ya namna yake, vipande 8 vyenye picha karibu 500. Ndani yake iko hata ndizi, na nanasi pia, vitu tunavyovijua sisi vizuri kuliko watu wa Paris! Joséphine akafa mwaka wa 1814. Redouté hakuacha. Toka 1817 mpaka 1824 alitoa kitabu cha waridi, na hicho ndicho kilichoeneza jina lake kuliko vyote.

Mwaka wa 1836 alitoa kitabu kingine cha waridi 60 kwa heshima ya Malkia wa Ubelgiji, Louise-Marie. Huyo ni mama wa yule Leopold II, ambaye jina lake sisi Wakongo tunalijua kwa machungu.

Tusifiche kosa lake. Fedha ziliingia nyingi, lakini zilitoka nyingi zaidi. Alipenda maisha makubwa, na vitabu vyake vilikuwa vya gharama sana kuchapa. Uzeeni madeni yalimzunguka, akauza vitu vyake vya thamani. Mkono uliojua kuhesabu petali haukujua kuhesabu franka. Alikufa Paris mwezi wa Juni 1840, akiwa na miaka 80. Inasemekana alishikwa na ugonjwa wa ghafula akiwa na yungiyungi jeupe mbele yake.

Wafalme waliomlipa walipita wote, na vitabu vyake vya kwanza viko kwa matajiri na kwa maktaba kubwa. Lakini picha zenyewe zimekuwa mali ya watu wote. Mtu yeyote anaweza kuzichapa, na maskini akanunua moja.

Basi wenzetu, kesho mwalimu akituletea ua la hibisko kalasini, tusichore duara tu. Kwanza tutazame. Tuhesabu. Halafu ndipo tushike kreyo.

Kwa heri mpaka namba ijayo.