Mbaraka Mwinshehe

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka (Morogoro, 27 Juni 1944 – Mombasa, Januari 1979) alikuwa mpiga gitaa, mtunzi na mwimbaji wa muziki wa dansi kutoka Tanzania. Alijulikana kwanza akiwa na Morogoro Jazz Band, baadaye akiwa na bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Wapenzi wa muziki walimwita Soloist National kutokana na umahiri wake katika gitaa la solo. Alifariki kwa ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 34. Nyimbo zake bado husikika katika vipindi vya zilipendwa vya redio za Tanzania na Kenya.

Mazingira ya muziki Morogoro

Msomaji wa leo akikutana na jina kama Morogoro Jazz anaweza kudhani kwamba bendi hiyo ilipiga jazz ya Marekani. Sivyo. Katika Tanganyika ya wakati wa ukoloni neno hilo lilikuwa alama ya usasa tu: bendi yenye magitaa, saksafoni, tarumbeta na ngoma za kisasa, inayopigia watu dansi ukumbini. Dar es Salaam Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1932, ni miongoni mwa za kwanza kulitumia. Muziki wenyewe ulikopa zaidi kutoka Kuba, kwa njia ya santuri zilizoletwa Afrika kuanzia miaka ya 1930, na baadaye kutoka Kongo.

Morogoro ulikuwa mji mdogo, lakini ulikuwa na bendi mbili kubwa. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Mbaraka. Nyingine ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah Yazidu, aliyezaliwa mwaka 1928. Huyu aliipenda Kuba kiasi kwamba alipokuwa kijana alitoroka nyumbani akitaka kwenda huko, akaishia Mombasa. Aliporudi alianzisha kikundi kilichoitwa La Paloma mwaka 1948, ambacho baadaye kilikuja kuwa Cuban Marimba. Ushindani wa bendi hizo mbili uliugawa mji. Shabiki wa upande mmoja hakuwa tayari kukiri hadharani kwamba upande wa pili una wimbo mzuri, hata kama aliuimba akiwa nyumbani.

Nje ya mji, mkoa mzima ulikuwa na masikio ya muziki huu. Kilosa, mji uliokua kando ya reli ya kati na kuzungukwa na mashamba ya mkonge, ulikuwa na bendi yake iliyoitwa Kilosa Jazz. Kutoka Kilosa tawi la reli lilielekea kusini hadi Mikumi na kisha Kidatu, penye miwa. Mikumi penyewe, palipopata hifadhi ya taifa mwaka 1964, pako kwenye barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam na Morogoro kwenda Iringa na Zambia. Kwa bendi ya zamani jambo hili halikuwa dogo. Penye reli, barabara na watu wanaolipwa mshahara, mwisho wa mwezi palikuwa na watu wa kulipa kiingilio. Bendi zisizokuwa na shirika la umma la kuzitunza ziliishi kwa viingilio hivyo.

Kuingia Morogoro Jazz

Mbaraka aliacha masomo ya sekondari na kujiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965. Katika mwezi wa Novemba mwaka huohuo Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari, na uongozi wa Cuban Marimba ukaja kuwa mikononi mwa Juma Kilaza. Kwa hiyo kijana huyu alianza kazi wakati mji wake umempoteza msanii wake mkubwa. Morogoro Jazz, iliyokuwa imezoea kupimwa dhidi ya Salum, sasa ilipata nafasi ya kuongoza, na Mbaraka ndiye aliyeitumia nafasi hiyo. Katika muda mfupi akawa mpiga solo tegemeo, mtunzi mkuu na sauti ambayo watu waliitambua mara moja.

Bendi za wakati huo zilijitofautisha kwa mitindo, na kila mtindo ulikuwa na jina. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic Jazz ya Tanga walikuwa na Kiweka. Morogoro Jazz walijulikana kwa Likembe. Jina la mtindo lilikuwa kama bendera. Lilitajwa ndani ya nyimbo, likaandikwa kwenye matangazo ya dansi, na wachezaji walitarajiwa kujua namna ya kuucheza.

Upigaji wake na namna ya kuusikiliza

Anayetaka kumwelewa Mbaraka inampasa kwanza ajue kazi za vyombo katika bendi ya dansi, maana asiyezijua husikia sauti moja tu iliyochanganyika. Gitaa la besi hubeba uzito na kuwaambia wachezaji mguu uanguke wapi. Gitaa la ridhimu hurudia mapigo yaleyale bila kuchoka, na kwa sababu halijionyeshi watu wengi hulisahau, ingawa likikosea wimbo wote huyumba. Gitaa la pili hukaa katikati, likijibizana na la kwanza. Tumba na dramu hushika mwendo. Saksafoni huingia kwa vipindi, mara nyingi baada ya ubeti, na kuacha nafasi. Juu ya vyote hivyo ndipo linapotembea gitaa la solo.

Mara nyingi wimbo wa dansi huwa na nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya maneno: mwimbaji anasimulia, wenzake wanaitikia, na solo linajaza mapengo kwa misemo mifupi. Hapa Mbaraka alikuwa na faida ambayo wapiga gitaa wengi hawakuwa nayo, kwa kuwa mwimbaji na mpiga solo walikuwa mtu mmoja. Gitaa lake lilijua sentensi inaishia wapi. Linamalizia neno aliloliacha mdomoni, au linalitangulia. Nusu ya pili huchangamka, maneno hupungua, na vyombo huachiwa uwanja. Hapo ndipo alipostahili jina lake la utani. Alipiga kwa kasi, lakini kila noti ilisikika peke yake, bila kuparaza. Alichukua kifungu kifupi, akakirudia hadi msikilizaji akizoee, kisha akakigeuza kidogo tu, na ukumbi mzima ukatambua kwamba kimegeuka.

Santuri haikuweza kuonyesha yote haya. Upande mmoja wa santuri ndogo ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu ulikatwa sehemu mbili, na msikilizaji alilazimika kunyanyuka kugeuza upande wakati utamu umekolea. Ukumbini haikuwa hivyo. Wimbo ulikwenda kadiri wachezaji walivyohitaji, na solo lilirefushwa au kufupishwa kwa kuangalia sakafu. Kumbi nyingi za wilayani zilikuwa sahili, baadhi zikiwa zile za welfea zilizojengwa na serikali ya kikoloni baada ya Vita Vikuu vya Pili, na vipaza sauti vilikuwa vichache. Katika hali hiyo wapigaji walilazimika kusikilizana. Aliyepiga kwa nguvu kupita kiasi aliwafunika wenzake, na hapakuwa na fundi mitambo wa kumrekebisha. Inafaa kuikumbuka hali hiyo unaposikia rekodi za Morogoro Jazz: mpangilio wake ni wa watu waliozoea kupeana nafasi.

Osaka na nyimbo za matukio

Mwaka 1970 Morogoro Jazz, Mbaraka akiwemo, waliiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo 70 yaliyofanyika Osaka, Japani. Kwa bendi iliyotoka mji wa mkoani, hiyo ilikuwa heshima ambayo bendi nyingi za Dar es Salaam hazikuipata. Mbaraka aliitungia safari hiyo wimbo, na watu waliokuwa hawajawahi kufika hata Dar es Salaam wakaijua Osaka kwa jina.

Huo ulikuwa ndio mwenendo wa miaka ile. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bendi zilitarajiwa kuimba habari za taifa, na Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi na kurusha nyimbo. Tarehe 25 Desemba 1971 Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, aliuawa huko Isimani katika mgogoro uliohusu kilimo cha ujamaa. Mbaraka alitunga wimbo kuhusu kifo hicho. Nyimbo za namna hii hazina utamu wa nyimbo zake za mapenzi, lakini mwalimu wa historia anaweza kuzitumia darasani.

Hata hivyo, uzito wake kama mtunzi uko katika mambo ya nyumbani na mtaani. Regina, Masimango, Jogoo la Shamba, Mtaa wa Saba na Pesa No. 1 ni baadhi ya nyimbo zilizompatia wasikilizaji wa kila rika. Kiswahili chake ni chepesi, cha mazungumzo, na mara nyingi kina methali ndani yake.

Super Volcano

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, aliyoiongoza hadi kufa kwake. Mtindo wake sasa ukaitwa Masika. Uamuzi huo ulikuwa na hatari kubwa. Wakati huo mwanamuziki wa Tanzania alikuwa na njia chache za kuishi. Aliyeajiriwa na bendi ya shirika, kama vile NUTA Jazz au bendi za majeshi, alipata mshahara na vyombo. Aliyekuwa nje ya mfumo huo alitegemea kiingilio, na mara nyingi vyombo alivyopigia havikuwa mali yake. Aliyeunda bendi yake alibeba mwenyewe mzigo wa vyombo, usafiri na posho za wenzake.

Tatizo jingine lilikuwa santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Wimbo uliorekodiwa Radio Tanzania ulisikika nchi nzima, kuanzia bandarini Tanga hadi vibanda vya chai vya Mikumi, lakini haukumpa mtunzi kitu cha kuuza. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, kwenye kampuni na viwanda. Huko ndiko Super Volcano walikorekodia kazi zao nyingi, zilizotolewa na kampuni ya Polygram. Wimbo wa Shida, unaolalamikia dhiki za maisha, ulipendwa mno Kenya na santuri yake ikauzwa kwa wingi. Hadi leo Wakenya wengi wanamjua Mbaraka kwa wimbo huo kuliko mwingine wowote, na wapo wanaodhani alikuwa Mkenya.

Mwezi wa Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Muziki wa dansi ulikuwa umejengwa juu ya mpaka ulio wazi, watunzi wakiwa upande mmoja na viwanda upande wa pili. Sasa njia hiyo ikawa ngumu. Kwa Mbaraka, soko kubwa la santuri zake lilikuwa kule, na wasikilizaji waliomlea walikuwa huku.

Kifo

Mbaraka alikuwa Mombasa wakati gari alilokuwamo lilipopata ajali katika eneo la Kikowani, mwezi wa Januari 1979. Alifariki kutokana na majeraha. Tanzania wakati huo ilikuwa katika vita na Uganda ya Idi Amin, na mpaka na Kenya ulikuwa bado umefungwa. Miaka isiyozidi 14 ilikuwa imepita tangu Salum Abdallah afe kwa ajali ya namna hiyohiyo. Morogoro ikawa imewapoteza kwa barabara watunzi wake wawili wakubwa, wote wakiwa hawajafikia umri wa miaka 40.

Baada ya kifo chake

Super Volcano haikuweza kuendelea kwa muda mrefu bila yeye, jambo lisiloshangaza kwa bendi ambayo mwimbaji, mtunzi na mpiga solo wake walikuwa mtu mmoja. Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa santuri kubwa ulioitwa Ukumbusho, ambao ndio uliozifikisha kwa kizazi kilichozaliwa baada yake. Rekodi za awali alizofanya na Morogoro Jazz zilibaki katika maktaba ya kanda za Radio Tanzania.

Suala la nani anufaike na nyimbo hizo halikuwa na majibu wakati wa uhai wake. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, lakini hapakuwa na chombo cha kukusanya malipo kwa niaba ya wasanii. Chombo hicho, COSOTA, kilianzishwa chini ya sheria ya mwaka 1999, miaka 20 baada ya ajali ya Kikowani.