Paul Bomani na mizani ya mkulima wa pamba

Kila msimu wa pamba unapofunguliwa, swali moja hurudi kwenye vipindi vyetu: kwa nini mkulima apitishe pamba yake AMCOS, asimuuzie mnunuzi yeyote mwenye fedha mkononi? Wapo wanaosema ushirika ndio ngao ya mkulima. Wapo wanaosema ushirika huohuo ndio unaomkata. Ili kuzielewa pande zote mbili, leo tunawasimulia maisha ya marehemu Paul Bomani, maana habari za ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa hazikamiliki bila jina lake.

Bomani alizaliwa mwaka 1925 huko Musoma, katika familia ya Kisukuma. Baba yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato. Akiwa kijana alifanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga. Mwaka 1947 alikwenda Mwanza, akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Siku hizo pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara binafsi, wengi wao wenye asili ya Asia, ambao ndio pia waliokuwa na viwanda vya kuchambua pamba. Bei ilipangwa na serikali ya kikoloni, kwa hiyo mlango wa wizi ulikuwa kwenye mizani. Mkulima asiyejua kusoma mizani alipokea alichoambiwa, akarudi nyumbani na manung'uniko. Wakulima wa baadhi ya maeneo wakaanza kuchangishana na kuweka mpimaji wao, ili wajue uzito wa mzigo kabla haujafika kwa mnunuzi.

Bomani aliona kwamba kukagua mizani ya mwingine hakutoshi, na kwamba mkulima anatakiwa kuwa na mizani yake. Alizunguka vijijini akiwashawishi wakulima wajiunge, na mwaka 1952 kikaundwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Baadaye alikwenda kusomea ushirika Loughborough, Uingereza. Mwaka 1954 aliteuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria.

Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana kuwa shirikisho moja, lililojulikana kwa kifupi kama VFCU, na Bomani akawa meneja mkuu. Mkulima alipeleka pamba kwenye chama cha msingi cha jirani, chama kikapima, kikalipa na kubakiza ushuru wa kuendeshea shughuli. Shirikisho likaanza kumiliki viwanda vyake, kikiwemo cha Kasamwa, Geita. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, pamba yote ya jimbo ilikuwa inapita kwenye ushirika. Kazi hiyo ilifanyika huku TANU ikiwa imezuiwa kufanya shughuli zake Usukumani, kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo vyama vya wakulima vilikuwa pia mahali pa watu kujifunza kujiongoza.

Uhuru ulipokaribia, Bomani aliingia serikalini. Alikuwa Waziri wa Kilimo, kisha kuanzia 1962 Waziri wa Fedha. Ni katika kipindi chake hicho, mwaka 1965, Tanzania ilipoamua kuwa na sarafu na benki kuu yake. Benki Kuu ilifunguliwa Juni 1966.

Lakini mwaka huohuo wa 1965, katika uchaguzi mkuu, wapiga kura wa nyumbani walimnyima ubunge, yeye aliyekuwa Waziri wa Fedha. Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge na kumbakiza kwenye baraza la mawaziri, kushughulikia mipango ya maendeleo.

Kwenye ushirika wenyewe nako mambo yalikuwa yameharibika. Vyama viliongezeka haraka kuliko watu wenye ujuzi wa kuviendesha. Makato yaliongezeka, vitabu vya hesabu havikukaa sawa, na baadhi ya watumishi waliiba. Mwaka 1966 Rais aliunda tume ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini, nayo ikayakuta hayo. Serikali ikaingilia VFCU, na mahali pake pakaja Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na sheria ya kuvirudisha ilikuja mwaka 1982.

Bomani aliyaona mengi ya hayo akiwa mbali. Kuanzia 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wetu nchini Marekani. Alifariki dunia mwaka 2005.

Tukirudi kwenye swali la AMCOS, maisha yake yanazipa haki pande zote mbili. Mkulima mmoja mmoja mbele ya mnunuzi alipunjwa, na waliojiunga walipata nguvu. Lakini mizani ilipohamia kwenye chama, wanachama wengi waliacha kuikagua wakiamini ni yao, na hapo wakapunjwa upya.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, msimu huu usome uzito mwenyewe pamba yako inapopimwa. Dai stakabadhi, uilinganishe na fedha iliyoingia kwenye simu yako. Uliza kila kato ni la nini. Na mkutano mkuu wa chama ukiitishwa, nenda, kwa sababu hapo ndipo hesabu zinaposomwa mbele ya wenye pamba.