Francis W. Davis

Francis Wright Davis (19 Agosti 1887 – 16 Aprili 1978) alikuwa mhandisi na mvumbuzi kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni usukani wa pawa uliofaa kutumika katika magari, yaani mfumo unaotumia presha ya mafuta kumsaidia dereva kugeuza magurudumu. Mafundi wengi huuita pawa stelingi. Davis alikuwa na gari lenye mfumo huo tangu mwaka 1926, lakini magari madogo yenye usukani wa pawa hayakuanza kuuzwa kwa umma hadi mwaka 1951.

Maisha ya awali

Davis alizaliwa Germantown, sehemu ya mji wa Philadelphia katika jimbo la Pennsylvania. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akaajiriwa na kampuni ya Pierce-Arrow iliyokuwa na kiwanda chake katika mji wa Buffalo, jimbo la New York. Kampuni hiyo ilisifika kwa magari ya kifahari, lakini ilitengeneza pia malori. Davis alipanda cheo hadi kuwa mhandisi mkuu wa idara ya malori.

Tatizo la usukani mzito

Kazi ya malori ilimwonyesha Davis jinsi madereva walivyoteseka. Lori lililobeba mzigo lilihitaji nguvu nyingi za mikono ili kukata kona, hasa likiwa limesimama au linakwenda polepole. Gurudumu la mbele likigonga jiwe au kuingia shimoni, usukani uliweza kujizungusha ghafla na kumponyoka dereva.

Watengenezaji walijaribu kupunguza uzito huo kwa kubadilisha gia za usukani. Kwa njia hiyo dereva alitumia nguvu kidogo, lakini alilazimika kuzungusha usukani mara nyingi zaidi kwa kona ileile. Katika miaka ya 1920 tatizo lilifika hata kwa magari madogo. Magari yalizidi kuwa mazito, na yakaanza kuvalishwa matairi mapana yenye upepo mdogo, ambayo yalishika barabara zaidi na hivyo kuwa magumu kugeuza.

Wazo la kumsaidia dereva kwa nguvu ya injini halikuwa jipya. Mwaka 1900 Robert Twyford wa Pennsylvania alipewa hataza ya mfumo wa aina hiyo uliotumia gia. Hata hivyo haukuenea.

Uvumbuzi

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Davis aliacha kazi yake ya mshahara akaanza kufanya utafiti kwa gharama zake. Alipanga karakana ndogo katika mji wa Waltham, jimbo la Massachusetts, akashirikiana na fundi mahiri aliyeitwa George Jessup.

Davis aliamua kutumia mafuta yanayosukumwa na pampu. Ugumu ulikuwa katika vali ya kuyaongoza. Katika mitambo mingi ya wakati huo, mafuta yaliwekwa chini ya presha kubwa muda wote, na vali ilifunguliwa pale tu kazi ilipohitajika. Utaratibu huo ulisababisha mafuta kuvuja na kupoteza nguvu za injini hata gari linapokwenda moja kwa moja.

Davis aligeuza utaratibu huo. Vali yake ilibaki wazi usukani unapokuwa katikati, hivyo mafuta yalizunguka kutoka kwenye pampu na kurudi kwenye tangi bila presha kubwa. Dereva alipoanza kukata kona, vali ilijisogeza kidogo na kuziba njia ya upande mmoja. Hapo ndipo presha ilipopanda na kusukuma pistoni iliyosaidia kugeuza magurudumu. Kadiri dereva alivyokaza mkono, ndivyo msaada ulivyoongezeka. Alipolegeza, vali ilirudi katikati na presha ikashuka.

Mpango huo ulikuwa na faida nyingine ya usalama. Usukani uliendelea kuunganishwa na magurudumu kwa vyuma, kwa hiyo injini ikizimika au pampu ikiharibika, dereva bado aliweza kuliongoza gari, ingawa kwa nguvu zaidi.

Miaka ya kusubiri

Mwaka 1926 mfumo huo ulikuwa umefungwa katika gari la Pierce-Arrow, na Davis akawaonyesha wakuu wa viwanda vya magari jinsi lilivyoendeshwa kwa wepesi. Kampuni ya General Motors ilivutiwa, ikaingia naye mkataba. Kwa miaka kadhaa alifanya kazi na wahandisi wake kuutayarisha mfumo kwa ajili ya magari ya Cadillac.

Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliharibu mipango hiyo. Mauzo ya magari ya kifahari yalishuka sana, na gharama ya kutengeneza mashine za kiwandani kwa ajili ya mfumo mpya ilionekana kuwa kubwa mno. Mwaka 1934 General Motors ilisitisha mradi. Davis alibaki na uvumbuzi uliofanya kazi vizuri lakini usio na mnunuzi, huku muda wa hataza zake ukizidi kupungua. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo, hataza ilidumu miaka 17 tu tangu ilipotolewa.

Mwaka 1936 alifanya mapatano na kampuni ya Bendix, iliyotengeneza vipuri vya magari na ndege.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Vita vilileta mahitaji ambayo soko la kawaida halikuwa nayo. Magari ya deraya yalikuwa mazito kiasi kwamba ilikuwa vigumu sana kuyaongoza kwa mikono mitupu. Chevrolet ilitengeneza magari ya deraya kwa ajili ya jeshi la Uingereza yakiwa na usukani wa pawa. Mojawapo lilikuwa Staghound, lenye uzito wa zaidi ya tani 13. Uzoefu wa vita ulithibitisha kwamba mfumo huo unaweza kutengenezwa kwa wingi na kustahimili kazi ngumu.

Mafanikio

Mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ilianza kuuza gari la Imperial lenye usukani wa pawa ulioitwa Hydraguide. Ulitumia mawazo ya Davis ambayo muda wa hataza zake ulikuwa umekwisha, hivyo Chrysler haikuwajibika kumlipa kwa mawazo hayo. Hata hivyo tukio hilo lilimsaidia kwa njia nyingine. General Motors haikutaka kuachwa nyuma, ikarudi kwake, na magari ya Cadillac ya mwaka 1952 yakapata usukani wa pawa. Davis alianza kupokea malipo kwa hataza zilizokuwa bado hai. Robo karne ilikuwa imepita tangu alipoonyesha gari lake la kwanza.

Katika magari ya miaka ya 1960

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilitoa magari ya milango miwili yenye injini kubwa za V8, kama vile Pontiac GTO, Ford Mustang na Chevrolet Camaro. Injini hizo ziliongeza uzito juu ya magurudumu ya mbele, kwa hiyo wanunuzi wengi waliongeza pesa ili wapate usukani wa pawa.

General Motors ilitumia boksi ya usukani iliyotengenezwa na tawi lake la Saginaw, ambayo vali na pistoni zilikuwa ndani yake. Mustang za awali zilitumia mpango mwingine wa aina ya Bendix: vali na silinda vilifungwa nje, kwenye vyuma vinavyounganisha magurudumu.

Mifumo hiyo ilisifiwa kwa wepesi, lakini pia ililaumiwa kwa kutompa dereva hisia ya barabara. Magari hayo yakiwa yamezeeka, usukani wake mara nyingi hulegea na kucheza, yaani huzunguka kidogo kabla magurudumu hayajaanza kugeuka. Chanzo huweza kuwa tairodi zilizolika, kiungo laini kilicho kati ya mhimili wa usukani na boksi, boksi yenyewe kulegea kwenye fremu, au kuchakaa kwa gia za ndani. Katika mpango wa aina ya Bendix, kiungo cha mviringo kilicho ndani ya vali nacho hulika.

Kwa kawaida fundi hukagua viungo vya nje kwanza, mtu mmoja akitikisa usukani huku mwingine akitazama chini ya gari. Viungo hivyo vikiwa vizima, ndipo skrubu ya kurekebisha iliyo juu ya boksi hukazwa kidogo kidogo. Ikikazwa kupita kiasi, usukani hushindwa kurudi wenyewe katikati baada ya kona, na gia huharibika haraka.

Kifo na urithi

Davis alifariki tarehe 16 Aprili 1978 akiwa na umri wa miaka 90. Wakati huo usukani wa pawa ulikuwa umekuwa kitu cha kawaida katika magari ya Marekani.

Tangu mwaka 1988, Suzuki ilipoweka usukani unaosaidiwa na mota ya umeme katika gari lake dogo la Cervo nchini Japani, mifumo ya umeme imechukua nafasi ya mafuta katika magari mengi madogo. Hata hivyo, vali inayobaki wazi bado inatumika katika mifumo ya mafuta ya malori na mabasi, yaani magari yaleyale mazito yaliyompa Davis wazo lake.