Lister, kidonda na mgonjwa mnene

Wiki hii tumwangalie daktari ambaye kazi yake inamgusa kila anayesubiri upasuaji.

Joseph Lister alizaliwa mwaka 1827 Upton, karibu na London. Baba yake, mfanyabiashara wa mvinyo, alipenda kuboresha hadubini, hivyo Lister alikua akijua kwamba vipo viumbe visivyoonekana kwa macho.

Mwaka 1860 alikuwa profesa wa upasuaji Glasgow. Enzi hizo daktari aliingia kazini na koti lenye damu iliyoganda, na usaha kwenye kidonda haukumshangaza mtu. Wengi walinusurika kisu, wakauawa na kidonda.

Aliposoma kazi za Mfaransa Louis Pasteur kuhusu vijidudu vinavyoozesha vitu, Lister alitambua kuwa kidonda nacho huoza hivyo hivyo. Agosti 1865 alimtibu mvulana wa miaka 11 aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni. Alifunika jeraha kwa kitambaa chenye asidi ya kaboliki, na mguu ukapona bila kukatwa. Baadaye alisafisha pia mikono, vifaa na ngozi ya mgonjwa. Wenzake wengi walimbeza, lakini mwaka 1870 alitoa hesabu: zamani walikufa 16 kati ya 35 waliokatwa viungo, kwa njia mpya, 6 kati ya 40. Alifariki mwaka 1912.

Hapa Bomani, Tarime, bado wapo wanaouliza: kwa nini nioge vizuri wakati daktari atanipaka dawa? Jibu ni kwamba dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi juu ya ngozi safi. Kwa mtu mnene, jambo hili lina uzito zaidi. Chini ya tumbo, chini ya matiti, kwenye kinena na kitovuni jasho halikauki, na bakteria na fangasi huongezeka. Tena tabaka nene la mafuta hupata damu kidogo, hivyo kidonda hupona polepole.

Usiku wa kuamkia upasuaji na asubuhi yake, oga kwa sabuni. Ndoo moja ya maji safi inatosha. Inua kila mkunjo, osha taratibu, suuza, kisha kausha kwa taulo safi. Asiyejifikia asaidiwe na ndugu, si aibu. Mzazi amsaidie mtoto. Vaa nguo safi, usipake mafuta wala poda.

Usinyoe kwa wembe, kwani huacha michubuko inayopitisha vijidudu. Ikibidi, wahudumu watapunguza nywele kwa mashine.

Ukiwa na muwasho, upele, majimaji, harufu au jipu kwenye mkunjo, sema siku kadhaa kabla. Usifiche kwa kuogopa kuahirishiwa. Upasuaji usio wa dharura unaweza kusubiri ngozi ipone. Kidonda kikioza, unaweza kurudishwa tena kwenye kisu.