Alexander von Humboldt

Alexander von Humboldt (14 Septemba 1769 – 6 Mei 1859) alikuwa mwanajiografia na mpelelezi kutoka Prussia. Alikuwa kati ya wataalamu wa kwanza kueleza kwa vipimo jinsi binadamu anavyobadilisha maji, udongo na hali ya hewa ya nchi anayoishi.

Maisha ya awali

Alizaliwa Berlin, mtoto wa afisa wa jeshi. Alisoma chuo cha migodi cha Freiberg akawa mkaguzi wa migodi. Mama yake alipofariki mwaka 1796 alipata urithi mkubwa, akaacha utumishi wa serikali. Tarehe 5 Juni 1799 aliondoka Hispania kwa meli pamoja na mtaalamu wa mimea Mfaransa Aimé Bonpland, kuelekea makoloni ya Hispania katika Amerika.

Ziwa Valencia

Mnamo Februari 1800 walifika Ziwa Valencia, katika Venezuela ya leo. Wenyeji walikuwa na wasiwasi: maji yalikuwa yakipungua, ardhi kavu ikiongezeka kando ya ziwa, na visiwa vipya vilikuwa vimejitokeza. Wengi waliamini kwamba maji yanatoroka kupitia mfereji uliofichika chini ya ardhi.

Humboldt hakukubali. Ziwa hilo halikuwa na mto wa kutoa maji, kwa hiyo kimo chake kilitegemea mizani kati ya maji yanayoingia na yale yanayogeuka mvuke kwa jua na upepo. Mizani hiyo ni ya asili, lakini wakulima walikuwa wameivuruga. Walikata miti ya milimani na kugeuza vijito ili kumwagilia mashamba ya nili, miwa na pamba. Pasipo miti, jua liliunguza udongo, chemchemi zikapungua, na mvua kubwa iliporomoka mitelemkoni kwa mara moja ikibeba udongo badala ya kuzama taratibu. Leo mambo haya ni somo la kawaida la jiografia ya sekondari. Wakati ule wasomi wengi walihesabu kukata msitu kuwa ni maendeleo tu.

Uthibitisho ulikuja bila mtu kuupanga. Mwaka 1822 mwanakemia Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alikuta maji ya ziwa yamepanda. Katika miaka ya vita vya uhuru mashamba mengi yalikuwa yameachwa, vijito vikarudia njia zake na msitu ukaota tena.

Chimborazo na maandiko

Tarehe 23 Juni 1802 Humboldt na wenzake walipanda mlima Chimborazo (Ekuador) hadi mita 5,900 hivi, wakazuiwa na korongo. Mwaka 1807 alitoa mchoro mkubwa wa mlima huo, unaoonyesha mimea ikibadilika kwa kanda kadiri ya kimo na baridi. Mwanafunzi anayechora kanda za mimea za Kilimanjaro, kutoka msituni hadi kwenye barafu, anafuata mtindo huohuo.

Alirudi Ulaya mwaka 1804, akaishi Paris kwa miaka mingi. Aliandika pia dhidi ya utumwa aliouona Kuba. Mwaka 1829 alisafiri Urusi hadi Siberia. Baadaye aliandika kwamba binadamu hubadilisha tabianchi kwa kukata misitu, kugeuza maji, na kwa mvuke na gesi za viwanda. Kitabu chake kikubwa, Kosmos, kilianza kutolewa mwaka 1845. Alifariki Berlin akiwa na miaka 89. Neno ekolojia lilibuniwa na Ernst Haeckel mwaka 1866, miaka saba baada ya kifo chake.

Mwaka 2012 watafiti walipima upya mimea ya Chimborazo wakakuta imehamia juu zaidi kwa sababu ya ongezeko la joto. Wengine walionyesha baadaye kwamba vipimo vingi vya Humboldt vilitoka mlima mwingine, Antisana, hivyo umbali uliohesabiwa kwanza ulikuwa mkubwa mno. Hata hivyo walikubali kwamba mimea imepanda.